Nilipokinyamazisha Chuma

Mwanangu, kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kutosimama nilipotakiwa kusimama. Hilo lilionekana siku ileile na halikumdhuru mtu. La pili lilikuwa kunyamaza nilipotakiwa kupiga kelele, na hilo lilimla mwenzangu vidole. Nakueleza yote mawili kwa sababu juzi ulipokuja kunisalimu ulimtaja yule kijana aliyepewa usimamizi kabla yako, nikaona jinsi mdomo wako ulivyokunjamana. Nikakumiminia chai tu. Lakini mdomo ule naujua. Niliwahi kuwa nao mimi, nikatembea nao kutoka Koboko hadi Arua.

Ilikuwa miaka ile ya serikali ya wanajeshi, sukari ikiwa ya kutafuta na sabuni ya kubahatisha. Mimi ni mtoto wa mjini Arua, babu yangu alikuwa askari aliyekuja kutoka Sudani, na nyumbani tulizungumza Kinubi. Shule niliiacha mapema. Nilichokijua nilijifundisha kwa kutazama, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo umepatia", nilikuwa na hofu ya kukosea kuliko wenzangu wote. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikifunga kamba, naifungua na kuifunga upya kwa sababu ncha hazikulingana. Mama yako mkubwa, mke wangu, atakuambia kwamba ugonjwa huo haujaisha.

Tulikuwa gangi la barabara. Mafundi Wahindi walikuwa wameshaondoka nchini, mashine zikabaki, na aliyewahi kusimama karibu na mashine ndiye aliyegeuka fundi. Kwetu fundi huyo alikuwa Mzee Marjan, mtu mrefu, mpole, mwenye macho yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu. Yeye ndiye aliyeendesha rola, lile gari zito la magurudumu ya chuma linaloshindilia udongo mwekundu mpaka uwe mgumu kama sakafu. Rola ile ilikuwa na kasoro mbili. Breki zake zilishika polepole kwenye mteremko, na ikirudi nyuma dereva haoni kitu, kwa sababu ya tangi la maji lililokuwa mgongoni mwake.

Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Mtu mmoja alitembea nyuma ya rola, amening'iniza kipande cha springi ya lori mkononi, kama kengele ya shule, na kukigonga kwa bolti: kon, kon, kon. Alipaswa kuangalia njia, wanawake wanaoleta maji, wanaume wanaosawazisha udongo kwa majembe. Njia ikiwa salama, anagonga. Kukiwa na lolote, ananyamaza. Na dereva asiposikia chuma, anasimamisha. Mtu huyohuyo alivuta kabari ya mti wa mvule iliyofungwa kamba ndefu, ili rola ikisimama mteremkoni airushe chini ya gurudumu bila kupeleka mkono karibu.

Niliwahi kumuuliza Mzee Marjan kwa nini tusifanye kinyume, tugonge penye hatari tu.

Alicheka. "Ya wele," aliniita, ndivyo Wanubi tunavyomwita kijana, "mutu akianguka, nani itagonga? Akikufa, itagonga yeye? Chuma ikinyamaza, simama. Hapana uliza."

Basi macho ya mzee yakazidi kuingia ukungu, ikawa lazima kiti kipate mtu mwingine. Nilijua ni changu. Nilikuwa nimechomeka vijiti ardhini nje ya kibanda changu kambini, hiki cha gia, hiki cha kurudi nyuma, hiki cha breki, nikakaa juu ya kigoda na kufanya mazoezi kila jioni mpaka mikono ikajua yenyewe. Zaitun, dada aliyetupikia, hakuniacha nipumue. "Rajabu, leo rola yako ya vijiti imefika wapi? Umetupita kijijini Inde?" Wenzangu walicheka, nami nikazidi kukaza uso.

Mwenzangu katika kugombea kiti alikuwa Lemi, Mkakwa wa Ludara, mtoto wa wakulima, aliyekuja kazini na jembe lake mwenyewe begani. Hakuwa na vijiti. Alicheka na kila mtu. Akikosea, alisema "Loo, nimekosea," akafanya tena, kama vile kukosea ni kukanyaga umande. Hilo peke yake lilitosha kunichoma. Wazee walisema hasidi hana sababu, nami naongeza kwamba akizikosa, huzitengeneza.

Mzee Marjan alitujaribu siku moja, mchana, penye udongo uliomwagwa asubuhi. Alipanda Lemi kwanza. Mzee alitembea nyuma akigonga chuma, kon, kon, halafu akanyamaza ghafla. Lemi akasimamisha palepale. Rola ikazama kwenye udongo mbichi na kuacha shimo baya, refu kama kaburi la mtoto. Nilifurahi moyoni. Nikapanda mimi. Mzee akagonga, akanyamaza. Niliusikia ukimya ule, mwanangu, naapa niliusikia. Lakini nilikuwa karibu kufika penye udongo mgumu, na nilijua nikisimama pale nitaacha shimo kama la Lemi. Nikajivuta kidogo tu, nikasimama mahali pazuri. Nyuma yangu barabara ilikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Mzee Marjan alikuja polepole, akaweka kiganja juu ya kazi yangu, akaisifu. Kisha akasema, "Barabara yako nzuri. Lakini wewe unapenda barabara kupita watu. Lemi itakaa kwa kiti. Wewe utashika chuma, ujifunze."

Mbele ya gangi zima. Mjukuu wa askari, nimezaliwa mjini, nitembee nyuma ya mtu wa shamba nikigonga springi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Lemi alijifunza haraka. Watu wakaanza kusifu kazi yake. Wakubwa waliokuwa wakipita na magari yao walishusha vioo na kumpungia. Zaitun alimbakishia ukoko wa chini ya sufuria, ambao zamani ulikuwa wangu. Hata nyapara wetu, mtu asiyejua kusifu, alisema, "Huyu kijana ana mkono." Mimi nilikuwa nikitembea nyuma ya mkono huo, nikila vumbi lake.

Siku moja tulifika penye udongo laini, nami nikanyamaza. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Nilikizuia tu chuma kwa kiganja. Lemi akasimamisha, rola ikazama, shimo likatokea. Akageuka kwenye kiti na kuuliza, "Nini?" Nikasema, "Nilidhani nimeona mtoto." Akasema, "Asante ndugu," akaendelea.

Asante ndugu! Maneno hayo hayakuniponya, yaliniongezea. Nikarudia. Tukifika pakavu nagonga vizuri, tukifika palaini nanyamaza. Mara ni mtoto, mara ni mbwa, mara ni bolti imeniponyoka. Mashimo yakazidi. Nyapara akaanza kumfokea Lemi: "Wewe naendesha rola ama nachimba viazi?" Gangi likacheka. Lemi naye akacheka, lakini jioni nilimwona ameketi peke yake, akitazama mikono yake. Sikuona huruma. Niliona kiti kinakaribia.

Na kila nilipokinyamazisha chuma, Lemi alisimama. Hilo lilinitia hasira kuliko yote. Nilitaka siku moja akatae, aendelee, ili nikamshitaki kwa Mzee Marjan kwamba hatii chuma. Hakunipa nafasi hiyo.

Nyapara akamwambia mwishowe, nami nikisikia, kwamba shimo moja tena na kiti kinapata mtu mwingine. Kesho yake tulikuwa kwenye mteremko unaoshuka kijitoni, upande wa Koboko. Rola ilikuwa ikishuka kinyumenyume, mimi nyuma yake nikigonga, kamba ya kabari begani. Udongo ulikuwa laini kuliko wa siku zote. Nilikuwa nikijiambia kwamba leo ndiyo leo, ninyamaze mara moja tu, kiti kiwe changu. Pembeni Zaitun alikuwa amewaletea watu uji. Alimwita Lemi kwa sauti, sikumbuki alimtania nini, na Lemi akacheka huku akiendesha, kile kicheko chake cha mtu asiyejua kwamba anaweza kuporomoka. Nikageuza shingo kumtazama.

Nilikanyaga jiwe. Mguu ukapinda, nikaanguka chali njiani, katikati ya njia ya gurudumu. Chuma kikaruka upande mmoja, bolti upande mwingine. Kabari ikaanguka karibu na goti langu na kamba yake ikabaki chini ya mgongo wangu. Nikataka kupiga kelele, sauti ikakataa. Niliona gurudumu likija, na nikafikiri jambo moja tu: amechoka na ukimya wangu. Leo hatasimama. Nani angesimama? Mashimo yote yale, kiti chake kiko hatarini, na anayenyamaza ni Rajabu.

Injini ikabadilika sauti. Lemi alikuwa amesimamisha.

Lakini nilikuambia breki zilishika polepole. Rola iliendelea kuteleza kidogokidogo, kama mtu anayekukaribia kwa unyenyekevu. Lemi aliruka kutoka kwenye kiti, akazunguka, akaniona. Akaishika kamba avute kabari, kamba ikagoma kwa sababu nilikuwa nimeilalia. Hakuwa na muda wa kuniinua. Akaikamata kabari kwa mkono na kuisukuma chini ya gurudumu. Rola ikaipanda kabari, ikatulia. Vidole vyake vilikuwa chini.

Hakulia mwanzoni. Alisema tu, "Rajabu, ondoka hapo." Mimi! Ndipo akalia.

Watu walikuja mbio, wakashika gurudumu kama vile wataliinua. Aliyejua kuendesha alikuwa amepiga magoti pale, mkono wake umebanwa. Mzee Marjan alikuwa pale lakini macho yake hayangeweza. Nilibaki mimi na elimu yangu ya vijiti. Mwanangu, kiti kile nilichokitamani mpaka nikakosa usingizi, siku ya kwanza kukikalia peke yangu ilikuwa kuiondoa rola juu ya mkono wa mtu. Kiti kilikuwa bado na joto la Lemi.

Ilitakiwa niipandishe mbele, juu ya mteremko, bila kuiacha irudi hata kidogo. Sikujua tena gia ni ipi. Nikasikia nyuma yangu: kon, kon, kon. Mzee Marjan alikuwa amekiokota chuma. Aligonga taratibu kama anayembembeleza mtoto, nami nikaufuata mlio ule. Nikasonga. Alipokinyamazisha, nilisimama palepale, na safari hiyo sikutazama barabara imekuwaje.

Walimpeleka Lemi hospitali ya Arua juu ya lori la udongo, Zaitun amemshika kichwa. Vidole vitatu havikurudi.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Nilipokwenda kumwona, nilikuta kitanda kimezungukwa. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Ludara na siagi ya karanga na kuku aliyefungwa miguu. Zaitun alikuwa akimlisha. Watu wa gangi walikuwa wakisimulia jinsi alivyoruka, na kila mmoja alimwongezea urefu wa kuruka. Mimi nilisimama mlangoni, mzima, mifupa yangu yote mahali pake, nikamwonea wivu. Nilimwonea wivu kwa kidonda chake. Hapo niliogopa. Nilijua kwamba kitu kilichoko ndani yangu hakitaki kiti, wala ukoko, wala sifa. Kinataka kula tu.

Afisa mmoja alishuka kutoka ofisi za Arua Hill kuuliza ilikuwaje. Nikasema, "Niliteleza." Ni kweli, niliteleza. Lemi akasema, "Chuma ilinyamaza, nikasimamisha. Ni kazi." Afisa akatikisa kichwa, akaondoka. Mzee Marjan alinitazama kwa macho yake ya ukungu. "Ulikuwa unaangalia wapi?" Nikasema njia. Akasema, "Ya wele, wivu iko kama rola kwa mteremko. Kuianzisha, hata mutoto anaweza. Sasa panda kwa kiti. Ulikuwa unaitaka."

Nikapewa kiti hivyo, bila sherehe. Na kidonda cha mkono wa Lemi kilipofunga, alirudi kambini na kuomba kazi. Nyapara akamuuliza kazi gani kwa mkono ule. Lemi akasema, "Wazee walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Hawakusema hauwezi kugonga chuma." Gangi zima likacheka, akapewa springi.

Hapo ndipo adhabu yangu ilipoanza, kwa maana sasa mimi nilikaa nimempa mgongo mtu niliyemdhulumu. Kila tulipofika palaini, jasho lilinitoka. Nilisubiri anyamaze bure, anilipe. Nilijua ningekuwa mimi, ningelipa. Kon, kon, kon, haikukatika. Siku moja ikakatika, tena penye udongo mbichi kabisa. Nikasema moyoni, haya, imefika. Nikasimamisha, rola ikazama, nikashuka nikiwa tayari kugombana. Nyuma ya rola bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alikuwa akivuka njia polepole, hasikii injini wala dunia. Lemi alimngoja amalize kuvuka. "Shikamoo bibi," akamwambia, na bibi hakusikia hata hiyo. Kisha akanigeukia, "Twende, imepita."

Sikuweza kupanda tena. Nikamwambia palepale, na watu wakisikia, kwamba mashimo yake yote yalikuwa yangu, kwamba hakukuwa na mtoto wala mbwa.

Lemi alikuwa akifuta bolti kwenye suruali. "Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ya pili. Wewe ulikuwa unaona watoto mahali laini tu. Mahali gumu watoto hakuna."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa sauti ya mtu mzima, "Sasa kwa nini ulikuwa unasimama?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini tunakula. "Na kama moja ni ya kweli?"

Akaanza kugonga, nami nikapanda.

Tulifanya kazi hivyo, yeye nyuma na mimi mbele, mpaka vita ilipokuja, kila mtu akashika njia yake kuvuka mpaka na rola ikabaki imesimama kando ya barabara. Lemi aliondoka na kile chuma. Bado anacho kwake Ludara, wajukuu wake hukigonga kuitana chakulani. Nikienda kumtembelea nakisikia kutoka mbali, na hata hicho, Mungu anisamehe, nakionea wivu kidogo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sitakuambia usione wivu, kwa sababu nitakuwa nimekuambia uongo, na mtu hakatazwi kuhisi baridi. Wivu ukikujia, uache ukae moyoni, usiushushe mkononi. Mkono ni wa kazi, na katika kazi yako kuna mtu ambaye hakuoni, amekupa mgongo, anakuamini kwa sababu hana njia nyingine. Huyo usimnyamazie bure. Mwenzako aliyepandishwa kabla yako akikuuliza njia ikoje, mwambie ilivyo, hata kama kumwambia kutamfanya ang'ae. Na ukiwa wewe ndiye uliye kwenye kiti, ukasikia ukimya, simama. Usipime kwanza aliyenyamaza ni nani, rafiki au hasidi. Usiitazame kazi yako nzuri itakavyoharibika. Shimo la barabara hufukiwa kesho asubuhi. Vidole vya Lemi mimi sijapata wa kuvifukia.

Mungu akupe kazi yenye baraka na mikono itakayozeeka ikiwa mizima. Akupe mwenzako wa nyuma kama aliyenipa mimi bila kustahili, na akujaalie uwe mwenzi kama huyo kwa mtu mwingine. Amina.

Wivu wangu haukufa, nimezeeka nao. Kilichobadilika ni kwamba tangu siku ile ya bibi na kuni zake, sijakinyamazisha tena chuma bila sababu, na kila kinaponyamaza, nasimama.